Babu Duka na Povu la Mombo

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, na wengine mmeshaanza kusema jamaa kaoa. Sijaoa bwana. Mtu ambaye boom lake limekata tangu tarehe kumi anaoa kwa kitu gani? Nilikuwa nyumbani Mombo, tena kikazi kabisa, nimetumwa na somo.

Ilikuwa hivi. Kwa wale wasionifahamu, nasoma ualimu mwaka wa pili, na masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili. Muhula huu mhadhiri wetu katupa asaimenti: kila mtu atafute mzee mmoja wa ukoo wake, amhoji kuhusu tukio moja la zamani, halafu alinganishe alichosimuliwa na kilichoandikwa. Kurasa tano tu. Darasa zima likafurahi. Mimi ndio nilifurahi kuliko wote, kwa sababu kwetu kuna stori moja ambayo ni kama mali ya ukoo. Kila harusi, kila Idi, hata arobaini ya mtu, lazima atokee mmoja wa kuianzisha na watu wacheke mpaka washike mbavu. Nikasema hii naiandika usiku mmoja, asubuhi naprinti, mchana nalala.

Ngoja niwape kwanza kama nilivyoisikia mimi tangu mtoto, halafu ndio tuendelee.

Baba yake babu yangu, ambaye sisi vitukuu tunamwita Babu Duka, alikuwa na duka pale Mombo. Sikumkuta. Enzi hizo serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, mgambo wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wanapekua bidhaa zilizofichwa. Babu Duka alikuwa na katoni za sabuni ya unga. Usiku akazibeba, akazificha kwenye mfereji mkavu uliopita nyuma ya nyumba, chini ya kalavati, akafunika na majani ya migomba. Akarudi kulala usingizi wa watu wema.

Alfajiri akaamshwa na kelele za watoto. Kutoka nje, lahaula! Mfereji mzima unatoa povu. Maji yalikuja usiku, katoni zikalowa zikapasuka, povu jeupe limejaa mfereji na limeshaingia kwenye majaruba ya mpunga. Bata wanatembea ndani yake, zinaonekana shingo tu. Akina mama wa Mombo, ambao siku hizo walikuwa wanafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, wakatoka na mabeseni mbio mbio. Mgambo walipofika wakauliza, povu la nani hili? Babu Duka akasimama katikati ya watu, mikono kifuani, akasema, "Mungu mkubwa, hata mimi nashangaa." Na inasemekana mgambo mmoja alivua shati lake la sare akalifua palepale.

Hapo ndio watu huanguka kwa kicheko. Mwisho wa stori.

Sasa balaa lilinikuta semina. Wiki hiyohiyo tulikuwa tunajadili uchumi wa nchi baada ya Azimio la Arusha, na dada mmoja wa darasa letu (anajua kuongea huyo, akisimama hata feni inapunguza spidi) akasema wahujumu ndio waliotesa wazazi wetu. Bibi yake alijifungua wakati hakuna hata kipande cha sabuni cha kumwogeshea mtoto, na huku kuna watu wamejaza stoo. "Wale hawakuwa wafanyabiashara, walikuwa wezi wenye mizani." Darasa likapiga meza kumshangilia. Na mimi nikapiga meza!

Nikiwa bado napiga meza nikakumbuka zile katoni. Mkono ukabaki hewani. Miaka yote nimeicheka stori hii na sijawahi kujiuliza babu alikuwa anamficha nani hiyo sabuni. Nikanyamaza mpaka semina inaisha, sikuchangia hata neno moja, na wanaonijua wanajua kwamba hilo ni tukio la kihistoria lenyewe.

Ijumaa nikapanda basi.

Kwa wasioijua Mombo: ukitoka Dar kwenda Moshi au Arusha, ukishapita Korogwe, mkono wa kulia unaanza kuona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Mombo ndio pale chini ya ukuta, panapokatia barabara ya kupanda Soni hadi Lushoto, kilomita 33 hivi za kona. Watu wengi wanadhani tuko wilaya ya Lushoto, kumbe kiwilaya Mombo ni ya Korogwe. Juu baridi, chini jua kali. Basi likisimama tu dirisha linajaa mapeasi, plamsi, karoti na mayai ya kuchemsha.

Na hiyo biashara ya njiani si ya jana. Nilipokuwa nasoma kwa ajili ya asaimenti nikakuta kwamba hata kabla ya Wajerumani, karne ya 19, Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliona faida haiko juu Vugha kwa wafalme bali chini tambarare, akaweka makao yake Mazinde, jirani zetu kabisa, kwenye njia ya misafara ya kutoka Pangani kwenda bara. Halafu Wajerumani wakaleta reli. Waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, na Mombo 1905. Kilomita 129 kwa miaka 12! Sisi wa Mombo tunajivunia kwamba kwa miaka kadhaa reli iliishia kwetu. Aliyetaka kwenda Lushoto, iliyokuwa inaitwa Wilhelmstal, alishuka Mombo akaanza kupanda. Ilifika Moshi 1911 tu. Kwa hiyo kwa muda fulani duniani, Mombo ndio ilikuwa mwisho wa reli, na mwisho wa reli kila mtu ana njaa.

Babu Duka alizaliwa na kukulia kwenye njaa hiyo ya abiria. Alianza kama mtoto wa kuuza mayai stesheni, kati ya miaka ya 1930. Hii sehemu bibi ananisimulia huku anaigiza. Treni inasimama, mtoto anakimbia chini ya madirisha na ungo kichwani. Abiria ananyoosha mkono anachukua yai, anaanza kutafuta hela mfukoni polepole, anatafuta, anatafuta, filimbi inalia, treni inaondoka, na yai linaondoka pia. Siku ya kwanza mtoto alipoteza mayai manne. Siku ya pili akaja na sheria yake: hela kwanza, yai baadaye. Siku ya tatu abiria mmoja akatoa hela kwanza, hela kubwa, mtoto akaanza kutafuta chenji polepole, anatafuta, anatafuta, filimbi ikalia...

Teh teh teh. Ndio maana nasema mtaji wa kwanza wa ukoo wetu una maswali.

Basi nikafika kwa bibi. Huyu ni mke wa babu yangu, yaani mkwe wa Babu Duka, ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwa ndani ya ile nyumba. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu. Mbona umekonda hivyo, huko chuo mnakula vitabu?" Akanipikia bada na mchicha, nikala kama nimetoka jela, ndio nikatoa simu nikaiweka mezani nikamwambia bibi nataka unisimulie ile stori ya povu, narekodi, ni kazi ya shule.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaiangalia ile simu, akaniuliza, "Unataka ile ya harusini au ile yenyewe?"

Jamani. Miaka 22 ya maisha yangu sikujua kuna mbili.

Tulianza na tarehe, maana mhadhiri alisisitiza tarehe. Baba mdogo mmoja siku zote husema tukio lile lilitokea siku aliyokufa Sokoine. Haiwezekani. Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984, na ile kampeni ya kukamata wahujumu aliianzisha yeye mwenyewe akiwa Waziri Mkuu, mwishoni mwa Machi 1983. Nikamuuliza bibi anakumbuka mwaka. Akasema mwaka hajui, anachojua shangazi yako alikuwa mgongoni na hajaanza kukaa. Tukafungua sanduku tukatoa kadi ya kliniki ya shangazi: kazaliwa Januari 1983. Mtoto wa miezi mitatu hajakaa. Kwa hiyo ni Aprili 1983, masika yenyewe, wiki za mwanzo kabisa za msako. Hapo nikajisikia profesa kamili. Kadi ya kliniki imemshinda baba mdogo!

Lakini bibi alisema kuanza na sabuni ni kuanzia mwisho. Ukitaka kuelewa sabuni lazima uanze na duka.

Duka lilifunguliwa karibu na Uhuru, 1961. Kibanda cha bati, mizani, pipa la mafuta ya taa, chumvi, sukari, khanga mbili tatu za kuning'iniza. Likaendelea hata baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kwa sababu waliotaifishwa walikuwa wakubwa, mabenki na makampuni, si mtu wa chumvi. Pigo la kwanza lilikuja mwaka 1976, Operesheni Maduka. Serikali ilitaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Babu Duka akafunga. Bibi anasema lile duka la ushirika lilifunguliwa kila asubuhi saa mbili, muuzaji anapangusa vumbi kwenye shelfu tupu kwa uangalifu mkubwa, anakaa, jioni anafunga. Ile operesheni ikalegezwa baadaye, maana wananchi walikosa pa kununulia, na babu akafungua tena kimyakimya, nusu mlango.

Halafu mambo yakaharibika kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka wa Kenya ukafungwa Februari mwaka huohuo. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Bei ya mafuta duniani ikapanda. Nchi ikakosa fedha za kigeni, viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Sabuni, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula, vyote kwa foleni. Bibi anasema ulikuwa unaona foleni unajiunga kwanza, ndio unauliza wanauza nini. Siku moja alipanga foleni saa tatu, kufika mbele kumbe ni betri za redio, na kwao redio haipo. Akanunua! Kwa sababu huwezi kupanga foleni saa tatu ukaondoka mikono mitupu.

Sasa na ile sabuni ilitoka wapi? Hapa bibi akashusha sauti kana kwamba mgambo wako dirishani. Ilitoka Kenya. Ndugu wa babu aliyekuwa Tanga alizipata kwa magendo kupitia upande wa Horohoro, mpaka ukiwa umefungwa. Katoni tisa.

"Na aliziuza bei gani?"

"Bei ya usiku," bibi akasema.

Nikamuuliza bei ya usiku ndio ipi. Akasema bei ya mchana ni ile ya serikali, ila mchana sabuni haipo. Bei ya usiku ni ya kupimiwa kwa kikombe cha kahawa, unagonga dirisha la nyuma, na huulizi kwa nini ni ghali.

Wadau, hapo niliwaza kuzima simu. Yule dada wa semina alikuwa sahihi. Babu yangu alikuwa mlanguzi, tena wa magendo, na sisi tumekuwa tukimcheka kama mtu aliyeonewa na mvua. Nikamwambia bibi wazi kabisa, basi ni kweli alikuwa mhujumu. Bibi hakukasirika. Akasema, "Ngoja nimalize, halafu wewe msomi ndio utahukumu."

Msako ulipotangazwa redioni, watu walipata wazimu. Sheria ya uhujumu iliyopitishwa mwezi ule wa Aprili iliunda baraza maalum la kuwahukumu washtakiwa, hakuna dhamana, hakuna wakili. Waliokuwa na vitu majumbani walianza kuvitupa porini na mitoni ili visikutwe kwao. Babu Duka alikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu jioni akamwita mkwe wake. Mume wa bibi, yaani babu yangu, alikuwa kazini kwenye shamba la mkonge, harudi mpaka mwisho wa wiki. Mzee alikuwa na mgongo mbovu, kubeba hawezi.

Kwa hiyo aliyebeba katoni hakuwa Babu Duka. Alikuwa bibi. Miaka 25, mtoto mgongoni kwa sababu akimwacha atalia na majirani wataamka, safari tisa gizani bila kibatari kutoka stoo mpaka kwenye kalavati. Na mkwe kwa mkwe hawaangaliani usoni kwa heshima zetu, kwa hiyo mzee alisimama amempa mgongo, anahesabu kwa sauti ndogo. Moja. Mbili. Alipofika tisa alisema "ahsante mwanangu" akaingia ndani. Bibi anasema hajawahi kuogopa kiasi kile, hata kwenye uzazi. Akikamatwa yeye, mtoto anyonye wapi?

Nakiri kwamba hii sehemu haina kicheko, na ndio maana haipo kwenye ile ya harusini.

Mvua haikunyesha Mombo usiku ule. Ilinyesha juu, milimani. Wenyeji wanajua, chini kunaweza kuwa kukavu kabisa na maji yakashuka yanatoka Soni huko usiku wa manane. Yakashuka. Povu ni kweli. Mabeseni ni kweli. Shati la mgambo bibi hakuliona, lakini anasema hawezi kulikataa maana siku ile kila mtu alikuwa na sababu. Kuhusu kiwango cha povu nimekusanya ushahidi wa ndugu wanne: mmoja anasema lilifika kwenye daraja la reli, mwingine kifuani kwa ng'ombe, mwingine lilionekana kutoka juu kwenye kona za Soni. Bibi, ambaye ndiye aliyekuwepo, anasema lilifika magotini mwa bata. Nimeandika hivyo kwenye asaimenti. Magotini mwa bata.

Na Babu Duka kweli alisimama katikati ya watu akasema "Mungu mkubwa." Ila bibi alikuwa nyuma yake, na anasema mikono haikuwa kifuani. Alikuwa ameshika ukuta.

Kwa sababu zile katoni hazikuwa zake peke yake. Hii ndio nilikuwa sijawahi kuisikia kabisa. Benki ilikuwa mbali, na Babu Duka ndiye aliyekuwa akiwawekea watu fedha. Mama wa mpunga anavuna, anauza, anampelekea mzee amtunzie mpaka msimu wa kulipa karo au wa kulima. Mzee alichukua fedha zao akanunulia sabuni, akiamini zitarudi na faida kabla hawajaziomba. Hakuwaambia. Alfajiri ile, akina mama waliokuwa wanafua nguo kwa furaha kwenye mfereji, watatu kati yao walikuwa wanafulia akiba zao wenyewe, na hawajui.

Nilimuuliza bibi, alifanyaje? Akasema aliwalipa. Ilimchukua miaka sita. Aliuza ng'ombe, akauza bati za duka, mwisho akauza lile shamba lililokuwa kandokando ya barabara kuu, ambalo leo ukipita na basi utaona nyumba za wageni na maduka tupu tupu. Kila nikipita pale nilikuwa nasikia watu wakisema zamani hapa palikuwa petu, nikadhani ni maneno ya wazee. Duka halikufunguliwa tena. Na bibi, ili watoto wale, akaanza kuuza mapeasi kwenye madirisha ya mabasi. Ukoo ulioanzia chini ya dirisha la treni ukarudi chini ya dirisha la basi. Baba yangu kasomeshwa na peasi, na mimi, ukitoa mkopo wa Bodi, nasomeshwa na peasi mpaka leo.

Sasa hukumu. Nimeizungusha kichwani njia nzima ya kurudi Dar.

Ule msako haukutoka hewani. Watu waliteseka kwenye foleni, na walikuwepo waliokuwa wanaficha bidhaa ili bei ipande, na mmojawapo ni mzee wangu. Yule mama aliyegonga dirisha la nyuma akanunua kikombe cha sabuni kwa bei ya usiku hakuona kichekesho chochote. Kwa hilo sina utetezi. Lakini pia sabuni haikupotea nchini kwa sababu ya katoni tisa za Mombo. Ilipotea kwa sababu viwanda vilikosa fedha za kigeni, na kumkamata muuza duka hakuleti malighafi. Mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983. Kwenye bajeti ya Juni 1984 serikali yenyewe ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na ile sheria ya baraza maalum ikabadilishwa mwaka huohuo, kesi zikarudi mahakamani. Sabuni zikaanza kuonekana mchana. Kwa hesabu yangu, Babu Duka aliwahi kwa miezi 14 tu. Angesubiri kidogo angekuwa mfanyabiashara hodari, na mimi labda ningekuwa naandika haya nikiwa na gari.

Bibi nilimwambia hivyo, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema, "Asingesubiri. Yule hakuweza kusubiri hata yai liive."

Nilimuuliza pia kwa nini wameifanya kichekesho. Akafikiri. Akasema mwanzoni hakuna aliyethubutu kuitaja mbele ya mzee. Miaka kumi. Kisha siku ya harusi ya mmoja wa wanawe, mzee mwenyewe akaianzisha, mbele ya watu wote, wale mama watatu wakiwemo, wameshalipwa mpaka shilingi ya mwisho. Alisimulia bata, akasimulia shati la mgambo, watu wakacheka mpaka wakalia. Hakumtaja bibi wala deni. Bibi anasema alielewa: mzee alikuwa anaomba ruhusa ya kuacha kuona aibu, na watu walimpa kwa kucheka. Tangu siku hiyo ndio tukabaki na ile ya harusini.

Nikiondoka Jumapili, bibi akafungua tena lile sanduku la kadi za kliniki, akatoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Daftari la madeni la duka. Jalada limekwisha, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Yule mtoto wa "hela kwanza, yai baadaye" kumbe alikopesha Mombo nzima! Kurasa kwa kurasa: sukari nusu kilo, mafuta ya taa chupa, chumvi, madaftari ya shule, sanda. Karibu kila mstari umekatwa, maana yake umelipwa. Wachache haujakatwa.

Ukurasa wa mwisho wenye maandishi una mstari mmoja tu. Safu ya kitu: sabuni ya unga, katoni 9. Safu ya malipo: bado. Na safu ya jina la mdaiwa, kwa mwandiko uleule wa polepole, kaandika: Mombo yote.

Nimeipiga picha, nimeiweka mwisho wa asaimenti kama ushahidi wa maandishi, mhadhiri aseme atakavyosema. Semina ijayo nitanyoosha mkono. Nitamwambia yule dada kwamba bibi yake alikosa sabuni na babu yangu alikuwa nayo, na kwamba najua ilikokwenda. Mwakani nikienda kufanya mazoezi ya kufundisha, nikifika kwenye ile mada ambayo kitabu kinamaliza wahujumu kwa mstari mmoja, nadhani nitachukua kipindi kizima.

Na wewe msomaji, kama wazee wako walikuwepo Mombo masika ya mwaka 1983 na walifua nguo zikang'aa, tafadhali tuonane. Deni halijakatwa. Napokea hata kwa peasi.

Haya, baadaye wadau. Naenda kupanga foleni ya cafeteria, na leo nitauliza kwanza wanauza nini.